Wazee wetu Uchaggani waliabudu jua kweli? Na Ukristo uliingia kwa hiari au kwa bunduki?

Mjukuu wa Vunjo

Wakuu habari za muda huu. Nina swali linanisumbua tangu Desemba niliporudi nyumbani Kirua kula sikukuu, nyumbani tulilibishania mpaka usiku na hatukufika popote, naomba wenye ujuzi mnisaidie.

Siku ya Krismasi mchungaji alihubiri kwamba babu zetu kabla ya wamisionari walikuwa gizani kabisa, waliabudu jua, na wazungu ndo wakatuletea Mungu wa kweli. Sawa. Tumerudi nyumbani tumekaa, mbege inazunguka, mjomba wangu mkubwa (na huyu ni mzee wa kanisa, sio mtu wa mitaani) akasema yeye hakubaliani. Anasema babu yake alikuwa anatoka nje alfajiri kabla hajaongea na mtu yeyote, anasimama uani anaangalia jua linavyochomoza, anatema mate mara nne kuelekea kule, anamwomba Ruwa amlinde yeye na watu wa nyumba yake, akimaliza ndo anaenda kwa ng'ombe. Na Ruwa huyo huyo ndo tunayemwimba kanisani kwa Kichagga hadi leo, sasa mjomba anauliza kama babu aliomba shetani, sisi tunamwomba nani?

Binamu yangu anayesoma chuo Dar akadakia kwamba wote tumedanganywa, Ukristo wenyewe ni ibada ya jua ya Warumi ndo maana sikukuu ni tarehe 25 Desemba, na babu zetu walibatizwa kwa mtutu wa bunduki basi. Hapo ndo kelele zikaanza, bibi akainuka akaenda kulala.

Mimi ni Mkristo na sitaki kuacha imani yangu, ila nataka kujua ukweli. Walikuwa wanaabudu lile jua lenyewe au walimwabudu Mungu kupitia jua? Na ile kubadili dini ilikuwaje hasa, walilazimishwa au walikubali wenyewe? Msinijibu kwa matusi tafadhali.

---

Meku wa Rombo

Mjukuu karibu. Mjomba wako yuko sahihi na mchungaji wako hakuwauliza wazee.

Kwetu neno la jua na neno la Mungu ni moja, hilo kila Mchagga analijua, Machame wanasema Iruva, huko kwenu Ruwa. Ndo lililowachanganya wageni. Ila ukitaka kujua mtu anaabudu nini usiishie kwenye jina, sikiliza anamsimulia vipi huyo anayemwomba. Kuna hadithi ya zamani sana ya Kichagga ambayo mi niliipata kwa baba, na wazungu waliofika mlimani miaka ile nao waliiandika, ngoja niieleze kama inavyosimuliwa.

Mtu mmoja alifiwa na wanawe wote wa kiume. Akapata uchungu mpaka akasema Ruwa ameniua mimi, na mimi namwendea nikampige mshale. Akaenda kwa mhunzi akafuliwa mishale mikali, akajaza podo, akachukua upinde akasafiri mpaka mwisho wa dunia kule jua linakotokea. Akakuta njia nyingi, nyingine zinapanda mbinguni nyingine zinarudi duniani. Akajificha akangoja. Mara akasikia kishindo cha miguu mingi, sauti zinasema fungueni mlango Mfalme apite. Wakaja watu wengi wanang'aa kama moto, katikati yupo yeye mwenyewe, na nyuma msafara unaendelea. Wale wa mbele wakasimama ghafla, wakasema hapa pananuka, kuna mtu wa duniani amepita. Wakamtafuta wakamkuta, wakampeleka mbele ya Mfalme. Akaulizwa unataka nini. Akasema sitaki kitu bwana, ni huzuni tu imenitoa nyumbani. Mfalme akamwambia si ulisema unataka kunipiga mshale? Haya nipige. Akashindwa hata kuinua mkono. Akaambiwa kama unawataka wanao hao hapo nyuma yangu wachukue. Kuangalia, wanawe wamekuwa wazuri wanang'aa mpaka hawatambui, akasema hapana bwana, hao sasa ni wako, kaa nao. Ndo akaambiwa nenda nyumbani, angalia vizuri njiani utakuta kitu. Akakuta pembe za ndovu nyingi, akatajirika, na akazaa watoto wengine.

Sasa we niambie, hilo ni duara la moto linalotembea angani au ni Mangi (mfalme kwa Kichagga) wa mbinguni mwenye masikio, anayesikia maneno uliyosema ukiwa kwako, anayekwambia ukweli wako usoni halafu hakuui? Mtu aliyelelewa na hadithi hii akiambiwa kuna Baba wa mbinguni anayepokea wafu, hajaambiwa kitu kigeni sana.

Na lingine, Ruwa hakuwa wa kusumbuliwa kila siku kwa sadaka. Shughuli za kila siku zilikuwa na mizimu ya ukoo, mtoto akiumwa unaanza kwa babu na bibi waliokufa. Ikishindikana kabisa huko ndo mnyama anachinjwa kwa ajili ya Ruwa mwenyewe. Kwa hiyo ukisema waliabudu jua umerahisisha mno, sehemu kubwa ya ibada ilikuwa ni wazee wa ukoo.

---

Neema Tupu

Bwana asifiwe. Naheshimu sana wazee ila tusipambe mambo kwa sababu ni ya kwetu. Biblia iko wazi. Musa aliwaonya Israeli wakiangalia jua na mwezi na nyota wasivutwe wakavisujudia. Mfalme Yosia aliondoa farasi waliowekwa kwa ajili ya jua pale pale mlangoni mwa nyumba ya Bwana. Ezekieli sura ya 8 anaonyeshwa watu kama 25 wamelipa hekalu kisogo, nyuso zao mashariki, wanalisujudia jua, na Mungu anaita machukizo. Na hao walikuwa watu wa Mungu wenyewe!

Sasa mtu anayesimama uani anatema mate kwa jua na baadaye anamwaga pombe kwa wafu, hiyo tuiteje? Mi nilikulia kwenye ukoo ambao bado wanafanya hayo na wakienda kanisani wanakaa viti vya mbele, najua hofu iliyokuwa nyumbani kwetu kila mtu akiugua, kuulizana nani kakasirika kaburini. Yesu alinitoa huko. Siwezi kukaa kimya nikiambiwa ni kitu kimoja.

---

Binti Pwani

Assalaam alaykum na habari zenu nyote. Mimi sio wa dini hiyo wala sio wa huko mlimani ila mada imenivuta.

Sisi Qur'ani imeligusa hili waziwazi. Ndege Hudihudi alimletea Nabii Sulaiman habari za Malkia wa Sabaa kwamba amemkuta yeye na watu wake wanalisujudia jua badala ya Mwenyezi Mungu. Na Nabii Ibrahim aliliona jua akasema huyu ndiye Mola wangu huyu mkubwa zaidi, lilipozama akajitenga nalo. Hata swala za sunna zimekatazwa pale jua linapochomoza na linapozama ili tusifanane na wanaoliabudu. Kwa hiyo tahadhari ya dada hapo juu naielewa kabisa.

Ila nina jambo moja nataka mlifikirie. Mgeni asiyejua kitu akituona sisi mara 5 kwa siku tunaelekea upande mmoja, na tukienda Makka tunalizunguka jengo la mawe, atasema hawa wanaabudu mawe. Na ni uongo, anayeelekea Kibla haiabudu Al-Kaaba. Hata makanisa ya kale yalijengwa madhabahu iko mashariki na waumini walisali wakielekea jua linakotoka. Upande wa kuelekea ni kitu kimoja na anayeabudiwa ni kitu kingine. Sasa huyo mmisionari wa kwanza aliyemwona mzee wa Kichagga alfajiri, alimuuliza unamwomba nani, au aliangalia uso umeelekea wapi akaenda kuandika ripoti?

---

Hoja Nzito

Mnazunguka tu. Binamu wa mleta mada kaongea point, twende kwenye historia.

Aurelian, kaisari wa Roma, mwaka 274 alimpa mungu jua, Sol Invictus yaani Jua Lisiloshindwa, hekalu na makuhani wa serikali. Konstantino ambaye Wakristo mnamsifia, mwaka 321 ndo alitangaza siku ya Jua iwe ya mapumziko, na hiyo ndo Jumapili yenu mpaka leo Wazungu wanaiita siku ya jua. Sarafu zake ziliendelea kuwa na mungu jua miaka kadhaa baada ya yeye kuanza kuupendelea Ukristo. Kalenda ya Roma ya mwaka 354 ina tarehe 25 Desemba imeandikwa kuzaliwa kwa Asiyeshindwa, na ndani ya kitabu hicho hicho kuzaliwa kwa Kristo nako 25 Desemba. Mpaka karne ya 5 Papa Leo anawakaripia Wakristo wake, wakipanda ngazi za kanisa la Mtakatifu Petro wanageuka kwanza wanaliinamia jua ndo waingie kusali. Halafu mtu huyo huyo avuke bahari aje amwambie babu yangu unaabudu jua acha!

Na bunduki zilikuwepo. Mangi Meli wa Old Moshi aliwapiga Wajerumani 1892, wakarudi 1893 na jeshi kubwa wakamshinda, tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga pamoja na viongozi wengine, na inaaminika kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Familia bado inakitafuta. Mwaka 2023 Berlin walitangaza vipimo vya DNA vimepata mafuvu yenye ndugu huku Kilimanjaro, la Meli lenyewe bado. Mnaongelea hiari gani kwenye mlima wenye mti wa kunyongea?

---

Mwalimu Mstaafu

Nimefundisha historia sekondari maisha yangu yote, na hili la Kilimanjaro nimelifuatilia kwa miguu, kwa hiyo mniwie radhi nitaandika kirefu.

Nianze na Hoja Nzito. Tarehe na majina uliyotoa ni sahihi, ila hitimisho linakwenda mbali kuliko ushahidi. Kwenye 25 Desemba wanahistoria wenyewe hawajakubaliana. Wapo wanaosema kanisa lilichukua sikukuu ya jua, na wapo wanaosema Wakristo walishaiweka mimba ya Yesu tarehe 25 Machi wakahesabu miezi 9. Kanisa halikukwepa lugha ya jua hata kidogo, nabii Malaki anamtaja jua la haki, Zaburi inasema Bwana Mungu ni jua na ngao, wakaona inamfaa Kristo wakaitumia mchana kweupe. Kutumia jua kama sura ya Mungu sio sawa na kulisujudia, ndo maana Leo alikaripia zile ngazi. Hapa ndipo ninapokuwa na ugomvi na mchungaji wa Mjukuu. Mroma akisema Kristo ni jua la haki tunaambiwa ni sitiari nzuri, Mchagga akimwita Mungu Ruwa tunaambiwa ni giza. Kipimo kiwe kimoja.

Sasa ilikuwaje hasa. Msiweke wamisionari wote kapu moja na serikali ya Kijerumani, na msiwatenganishe kabisa pia. Rebmann, mmisionari Mjerumani, alifika mlimani 1848, anatembea na mwavuli na Biblia yake, hakubatiza Mchagga yeyote. Waingereza wa CMS, misheni ya Kianglikana, wakaja kukaa Moshi 1885 kwa Mangi Rindi, ambaye wazungu walimwita Mandara. Rindi alitaka nini? Alitaka bunduki, mafundi na marafiki wa kumsaidia dhidi ya Mangi Sina wa Kibosho. Mahubiri aliyavumilia. Aliyemkaribisha mmisionari wa kwanza alikuwa Mchagga mwenye hesabu zake za siasa, msimfanye kondoo.

Baada ya vita ya 1892 Wajerumani waliwashuku CMS kwamba wanamsapoti Meli, wakawabana mpaka wakahamia Taveta. Nafasi ikachukuliwa na Walutheri wa misheni ya Leipzig ya Ujerumani 1893, wakaanzia Machame, mwaka uliofuata Mamba, baadaye Moshi. Wakatoliki, mapadre wa Roho Mtakatifu, walishatangulia Kilema, wakaingia na Kibosho. Sasa angalieni ramani ya leo. Kilema, Kibosho na Rombo Wakatoliki, Machame na Old Moshi Walutheri. Hakuna babu aliyekaa chini akalinganisha Luther na Papa! Dini ya ukoo wako iliamuliwa na uko upande gani wa mto na mangi wako alimpa nani kiwanja. Mkitaka kuona mkono wa ukoloni kwenye kubadili dini, uoneni hapo zaidi ya kwenye mtutu.

Shuruti ilikuwepo ila haikuja kwa mtu kushikiwa bunduki kichwani abatizwe. Kodi ya kibanda ilianza 1898, ilibidi ulipe, na kupata hela ufanye kazi kwa mzungu au uwe na kitu cha kuuza. Anayejua kusoma alipata ukarani, ualimu, ukalimani na mangi. Shule ilikuwa wapi? Misheni. Dawa ya kidonda? Misheni. Miche ya kahawa? Misheni, Kilema hadi leo wanaonyesha habari zake. Na anayegusa mmisionari alijua kinachofuata. Wale wamisionari wawili wa Leipzig walipouawa Meru Oktoba 1896, jeshi lilipelekwa, watu wakauawa na ng'ombe wakachukuliwa, na uchungu nausema, kati ya waliopelekwa kupiga Wameru walikuwepo Wachagga. Mtu anayeishi katika hali hiyo akisema ndiyo, ni ndiyo yenye uzito gani? Hiari ilikuwepo ila uwanja ulishainamishwa upande mmoja.

Lakini Hoja Nzito hebu jibu na hili. Wajerumani walishindwa vita, ikafika 1920 wamisionari wao wakaondolewa wote. Bunduki iliyowaleta haipo, Mwingereza aliyepo sasa hana haja na Ulutheri. Kama watu walikuwa wameshikiliwa kwa nguvu huo ndo ulikuwa wakati wa kurudi kwenye mambo yao. Haikutokea. Walimu wa Kichagga wenyewe waliendesha shule na ibada miaka hiyo mpaka Wamarekani wakaja kusaidia na baadaye Wajerumani wakaruhusiwa kurudi. Waliorudi walikuta kanisa liko hai na lina wenyewe. Kwa hiyo walioipokea kizazi cha kwanza kwa hesabu na hofu, watoto wao waliishika kama yao.

Mwisho Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig, maana lazima atajwe. Alifika 1902 akaondoka moja kwa moja 1938, kazi yake kubwa ilikuwa Old Moshi. Alikaa na wazee akaandika mila, sheria na mafundisho ya jando kurasa kwa maelfu. Yeye aliamini ukoo, ujirani na rika ni vitu Mungu aliviweka hata kabla ya Injili kufika, kwa hiyo kanisa lijengwe juu yake. Vijana wa kipaimara aliwafunga vikundi vidogo wasaidiane maisha yote, kama rika la zamani. Na wapo Wachagga waliosoma waliompinga, wakaona anataka wabaki nyuma na mambo ya wazee wakati wao wanataka shule na maendeleo. Mzungu anatetea mila, Mchagga anataka kuziacha. Ukiingia kwenye historia hii na jibu tayari mfukoni utapotea.

---

Dongobesh Juu

Mwalimu ahsante, nimesoma neno kwa neno.

Mi ni Mwiraqw wa Mbulu, na kwetu ni hivyo hivyo ila kuna tofauti tamu. Looaa ni jua na ni Mungu, na tunamsema kama mama. Ni mwema, anapenda haki, mtu akikudhulumu unamwachia Looaa. Upande wa pili kuna neetlaangw, hao wako kwenye chemchemi na mito, ndo wa kuogopwa. Kwa hiyo Looaa juu mwanga, neetlaangw chini kwenye maji.

Na mzee wa Kiiraqw akianza slufay, ile sala ndefu ya kwenye pombe au mkutano, unasimama nywele. Mmoja anaongoza kwa mistari iliyopangika kama shairi, wengine wanaitikia, anaomba mvua, anaomba ng'ombe wazae, anaomba magonjwa yaende yakapotee mbali, anaomba watu wapatane. Sio mtu mmoja na jua lake, ni mkutano mzima.

Nachotaka kusema ni kwamba dini zilipokuja, Mungu wa kike akageuka Baba. Hilo hakuna aliyelijadili na bibi zetu. Sisemi ni dhambi, nasali kwa Baba Yetu kila siku, ila nikimsikia bibi akiomba kwa lugha yetu najua kuna kitu kilipita hapo katikati bila kuulizwa.

---

Neema Tupu

Mwalimu nakushukuru kwa kuelezea kwa upole. Hilo la kipimo kimoja nalikubali, mchungaji asitumie lugha ya kuwadharau waliolala, Paulo kule Athene hakuanza kwa kuwatukana, alianza na madhabahu waliyokuwa nayo ya Mungu asiyejulikana. Ila Paulo hakuishia hapo kwenye madhabahu! Aliendelea akahubiri ufufuo. Suala la kuomba waliokufa bado nasimama pale pale, na hofu ile ninaijua kwa kuiishi sio kwa kuisoma.

---

Hoja Nzito

Mwalimu swali la 1920 ni zuri, nalijibu. Hawakurudi kwa sababu cha kurudia kilikuwa kimevunjwa. Jando limepigwa vita, mamangi wenye nguvu wamenyongwa au wamewekwa wengine, wazee wanaojua maneno wamezeeka, watoto wote wako shule ya misheni. Peru Wahispania walifanya kwa haraka zaidi, waliingia Cusco 1533, wakabandua dhahabu yote ya Coricancha, hekalu la jua la Wainka, na juu ya kuta zake wakajenga kanisa la Santo Domingo. Sikukuu ya jua ya Inti Raymi ikapigwa marufuku. Kwetu wamefanya taratibu tu lakini ni jambo lile lile.

---

Mwalimu Mstaafu

Umeleta mfano mzuri, na ndo unaonyesha tofauti. Cusco palikuwa na hekalu, makuhani na mfalme anayeitwa mtoto wa jua, ukivunja jengo na ukimuua mfalme umeipiga dini kichwani. Atahualpa, mfalme wa Wainka, alibatizwa hapo hapo anaposubiri kunyongwa, akibatizwa hachomwi moto, huo ndo ubatizo wa bunduki kamili. Kilimanjaro hakukuwa na hekalu la kuvunja. Ibada ilikuwa uani, kwenye kihamba (shamba la nyumbani la ukoo), chini ya mti, na kuhani alikuwa baba wa nyumba. Huwezi kutuma askari wakavunje ua za mlima mzima. Kilichohama ni mamlaka, nani ana haki ya kusimama mbele ya Ruwa kwa niaba ya wengine. Zamani ni mzee wa ukoo, na alipata haki hiyo kwa umri na kuzaa. Baada ya misheni kijana wa miaka 20 aliyejua kusoma akawa anasali mbele na babu yake amekaa benchi anaitikia. Jina la Mungu lilibaki lile lile lakini nyumba iligeuzwa juu chini, na nadhani wazee waliumizwa na hilo kuliko mafundisho yenyewe.

Na sio lazima ukoloni ndo ulete badiliko. Aksum, huko Ethiopia, mfalme Ezana karne ya 4 sarafu zake za mwanzo zina duara na mwezi mwandamo, za baadaye zina msalaba. Hakuna aliyemtawala. Waafrika wamewahi kubadili dini kwa akili zao kabla Mjerumani hajajua mlima uko wapi.

---

Mjukuu wa Vunjo

Wakuu nimewasoma wote, sikutegemea majibu ya uzito huu. Hilo la kijana kusali mbele na babu kukaa benchi limenigusa kwa sababu ndo kilichotokea kwetu, baba wa bibi alikuwa mwalimu wa misheni na inasemekana yeye na baba yake hawakula pamoja kwa muda mrefu, mi nilidhani ni ugomvi wa shamba.

Dada Neema nimekuelewa, hofu hiyo hata kwetu ipo, siwezi kukubishia. Nimeongea na mjomba kwenye simu, amesema Pasaka nikienda atanipeleka kwa mzee mmoja wa ukoo bado yuko vizuri kichwani. Nikienda niulize nini? Na naenda na nini mkononi?

---

Meku wa Rombo

Usiende mikono mitupu, beba mbege au hela ya mbege mpe mjomba aandae, na usifike na simu imeshawashwa kurekodi, omba ruhusa kwanza baada ya kunywa. Ukitaka kumuuliza ule ugomvi wa baba wa bibi, mjomba atangulie na sale (jani la kuombea msamaha kwetu) mkononi, we usiseme kitu mpaka yeye amalize, maana hapo mnaomba msamaha kwa niaba ya waliokufa na mzee hawezi kulikataa jani hilo.

Usimuulize mlikuwa mnaabudu jua, atakujibu kama anavyomjibu mchungaji. Muulize asubuhi baba yake alikuwa anasemaje, maneno yenyewe kwa Kichagga, na uyaandike kama yalivyo. Muulize mwezi mpya ulipoandama walifanya nini. Muulize akina mama waliomba saa ngapi na wapi, maana hapa wote tumeongea habari za wanaume tu. Na muulize kama baba yake aliwahi kuingia kanisani, akakaa upande gani.

Ukirudi ulete humu.